Kidari cha Mkwe

Zamani pale kijijini Ak-Terek watu walisema, "Dooronbek, yule shemeji yake Esenkul." Siku hizi wanasema, "Esenkul, yule shemeji yake mbunge." Watu ni wale wale wawili na undugu ni ule ule, ila kila Esenkul akiusikia usemi huu mpya hujiona kama mtu aliyeuza farasi kwa bei ya kutupa, kisha akakutana naye njiani amepandwa na mwingine, kanenepa, manyoya yanang'aa.

Na ukimsikiliza Esenkul mwenyewe, Dooronbek mzima, kuanzia sauti mpaka suti, alitoka mikononi mwake.

Dooronbek alikuja Ak-Terek kama mtu wa sinema. Si mwigizaji, alikuwa yule anayezunguka na mashine ya kuonyeshea picha, akipanda na lori la shamba la ushirika mpaka malisho ya juu, akitundika shuka nyeupe baina ya nguzo mbili kando ya mahema ya sufu, na wachungaji wakikaa nyasini wakitazama vita na mapenzi ya watu wa mbali. Alitoka ng'ambo ya mlima, bonde la ukoo mwingine. Kalipa, dada mdogo wa Esenkul, alikuwa akipeleka kumis, maziwa ya farasi yaliyochachuka, kwa watazamaji. Alipeleka zaidi kwa mtu wa mashine kuliko kwa watazamaji. Mwisho wa kiangazi wakatoroka wote wawili, na kabla majani hayajamaliza kupukutika wakarudi, kwa sababu hawakuwa na pa kulala.

Mahari hakuna, ng'ombe hakuna, hata nguo ya kumvisha mama mkwe hakuna. Esenkul, ambaye baba yake alikuwa amekwisha kufa, ndiye aliyekuwa na haki ya kupiga kelele. Akapiga. Kisha akawapa chumba cha kando ya zizi. Mwanamume anayehamia ukweni, kwetu, anahesabiwa kuwa yeye ndiye aliyeolewa, na Esenkul hakuacha siku ipite bila kulikumbusha hilo.

"Bibi harusi," angemwita akimkuta anakoroga uji wa ndama, "hujambo?"

"Sijambo, kaka," Dooronbek angejibu bila kuinua kichwa. "Ila mume wangu ni mkali."

Ndiyo tabia iliyomkera Esenkul tangu mwanzo. Unamtupia tusi, yeye analidaka kama amerushiwa tufaha, analifuta kwenye shati na kuling'ata.

Nchi kubwa ile iliyotuunganisha na Urusi ikavunjika, sinema ikafa nayo, na mashine ikauzwa kama chuma chakavu. Dooronbek akaenda kumsaidia daktari wa mifugo, kazi yake kushika kondoo wakati wa sindano. Daktari akahamia Urusi. Dooronbek akawa kinyozi, kiti kimoja na kioo kimoja kando ya stendi, akazijua siri za vichwa vyote vya Ak-Terek mpaka upepo ukavunja kioo. Akabeba marobota ya nguo kutoka mpakani mwa China. Akaenda Moscow kukwangua theluji juu ya mapaa, akarudi na kofia nzuri ya manyoya na kikohozi.

"Umeacha kazi tena, shemeji?" Esenkul alimuuliza siku ile aliporudi.

"Kazi ndiyo imeniacha, kaka. Mimi nilikuwa bado naipenda."

"Hata mwanamke mwenye hasira haachi mume upesi hivyo."

"Basi mtafutie mdogo wako kazi yenye subira."

Esenkul akacheka bila kutaka, na kwa kicheko hicho akafanya kosa alilokuja kulijutia: akamchukua mnadani.

Esenkul ni dalali wa mifugo. Jumapili alfajiri, ukifika mnadani kabla ukungu haujainuka, unaisikia sauti yake kwanza ndipo unamwona. Anamkamata muuzaji mkono, anamkamata mnunuzi mkono, anaibamiza pamoja na kuitikisa juu chini kama anasukuma pampu, huku akiwaaibisha wote wawili: huyu kwa uchoyo wake, huyu kwa ubahili wake, mpaka mmoja anachoka. Hii ni kazi ya mapafu na ya macho. Esenkul alimfundisha Dooronbek yote. Wapi pa kugusa kondoo ujue mafuta ya mkia ni yake au ni maji aliyonyweshwa. Wakati gani wa kumwacha mnunuzi aondoke, na aende hatua ngapi kabla hujamwita. Namna ya kulengwalengwa na machozi ukitaja watoto.

Ndani ya mwaka mmoja wauzaji wakaanza kusema, "Tumngoje Dooronbek." Esenkul alilisikia hilo kwa sikio lake, akiwa ameshika mkono wa mtu, na mkono ule ukachomoka.

Kisha ikaja ile harusi.

Tajiri mmoja wa mjini aliyekuwa akimwoza mwanawe alimwendea Esenkul awe msemaji wa sherehe, maana sauti yake ilijulikana. Siku hiyo hiyo Esenkul alikuwa na farasi dume wa kuuza kwa watu wa Kazakhstan. Akasema, "Mchukueni shemeji yangu. Kuongea anajua, kingine hajui." Alimtupia harusi ile kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa. Na katika harusi ile alikaa kiongozi wa chama kutoka mji mkuu, Bishkek, aliyekuwa akitafuta mtu wa milimani wa kujazia orodha ya wagombea. Dooronbek akawachekesha wageni mpaka bibi mmoja akavunja meno ya bandia, akawaliza alipofika kumtaja mama wa bwana harusi, na kabla chai ya mwisho haijamiminwa, kiongozi yule alikuwa amemshika mkono.

Jina lake likawekwa chini kabisa ya orodha. Chama kikapata viti. Waliokuwa juu yake, mmoja akapewa ubalozi, mwingine akaugua, wa tatu akagombana na kiongozi. Dooronbek akawa mbunge.

"Ameingia bungeni kama mbwa anavyoingia hemani," Esenkul aliwaambia watu mnadani. "Mlango ulikuwa wazi."

"Na mlango uliufungua wewe," akajibu muuza chumvi, na watu wakacheka. Na farasi yule, kama unataka kujua, Wakazakhstan hawakumnunua.

Kuanzia hapo Esenkul akawa na maradhi ambayo hayana dawa kwa daktari. Televisheni ikisema Bunge, anaongeza sauti. Dooronbek akitokea, anaipunguza. Kisha anaiongeza tena asikie amekosea wapi. Alimwona shemeji yake akisimama na tai nyekundu na kusema kwamba bajeti ile ni farasi mzee aliyechongwa meno ili auzwe kama mwanafarasi. Ukumbi mzima ukacheka, na kesho yake magazeti yakaandika.

"Yule farasi wa meno ya kuchongwa nilimkamata mimi, pale mnadani!" Esenkul akapiga meza, chai ikamwagika. "Mimi ndiye niliyemfunua mdomo! Yeye alikuwa ameshika kamba tu!"

"Basi mwandikie Spika," akasema Burul, mkewe, akifuta meza.

Dooronbek alipokuja likizo, Esenkul aliangalia viatu vyake kwanza. Akaangalia gari. Akaangalia jinsi wanawake walivyotandika mazulia ya sikukuu ambayo yeye, mwenye nyumba, hakukalishwa juu yake hata siku moja. Hata Kalipa alimwonea wivu: amevaa koti la mjini, anatembea taratibu, kana kwamba matope ya Ak-Terek hayamjui.

Miaka ya Bunge ikaisha, uchaguzi mwingine ukaja, na safari hii utaratibu ulikuwa umebadilika. Hapakuwa tena na orodha ya kujificha. Kila bonde lingempigia kura mtu wake kwa jina. Katika bonde letu, ukoo wa Esenkul ndio mkubwa, na ukoo huo una kawaida moja: kabla ya jambo zito watu hukusanyika, wanachinja, wanakula, kisha mkubwa wao anainua viganja na kutoa baraka. Akishabarikiwa mtu, wengine wote wanafuata. Asipobarikiwa, hata mke wake hampigii kura. Mkubwa wa ukoo wakati huo alikuwa Mzee Turdubay, mtu mwenye usingizi mwingi na masikio mazuri.

Siku moja kabla ya mkutano, gari jeusi likasimama mlangoni kwa Esenkul. Akashuka Tilek, mtu wa chama kingine, kijana mnene mwenye maneno laini.

"Bwana Esenkul," alisema alipokwisha kuketi, "niambie kitu. Wale watu wote wa kesho ni wa ukoo wa nani?"

"Wangu."

"Na yule ni wa ukoo gani?"

 Esenkul akammiminia chai kidogo, chini ya nusu ya bakuli, kama anavyomiminiwa mgeni ambaye hutaki aondoke, ili aongezewe tena na tena.

"Mkwe," Tilek akasema. "Mkwe tu. Sauti ni yako, mnada ni wako, hata masihara yake ni yako, nchi nzima inajua." Nchi nzima haikujua, lakini lilikuwa neno tamu. "Wazee wakikubariki wewe kesho, mimi jioni nakuandikisha kuwa mgombea wetu. Kazi yako ni moja: wakumbushe yule ni nani."

Alipoondoka, Esenkul alisimama mbele ya kioo cha kabati akaweka mkono kifuani, hivi, kama wanavyofanya bungeni. Burul alimwona kutoka jikoni.

"Unaumwa kifua?"

"Kesho kondoo nitamgawa mimi."

"Siku zote unamgawa wewe."

"Nitampa Dooronbek kidari."

Burul akaacha kukanda unga. Kwetu kondoo haliwi ovyo. Kila mfupa una mwenyewe. Nyonga ni ya mkubwa wa umri. Kichwa ni cha mgeni wa heshima, na tangu awe mbunge Dooronbek alikuwa akipewa kichwa. Kidari ni cha mkwe. Kumpa mbunge kidari mbele ya ukoo mzima ni kumvua tai na kumrudisha kando ya zizi.

"Yule ukimtupia mavi ya ng'ombe, atayakausha awashie moto," Burul akasema.

"Wewe upo upande gani?"

"Upande wa jiko," akasema, akaendelea kukanda.

Siku ya pili wazee wakajaa nyumbani kwa Esenkul. Dooronbek akafika na Kalipa, amevaa kofia nyeupe ya sufu badala ya ile ya manyoya, akazunguka akishika mikono ya watu kwa mikono yake miwili. Wakamketisha mbele, mkabala na mlango, bega kwa bega na Mzee Turdubay. Chai ikanywewa, maandazi yakaliwa, habari za nyasi na za bei ya mafuta ya gari zikazungumzwa. Ndipo sinia likaingia, mvuke juu yake.

Esenkul akakunja mikono. Hapa alikuwa mfalme na alijua. Nyonga akampa Mzee Turdubay. Mapaja kwa wanaofuata. Kichwa akakiinua, watu wakamtazama Dooronbek, na Dooronbek mwenyewe akajiweka sawa kupokea. Esenkul akakipitisha mbele ya pua yake akamwekea mzee mmoja mgeni kutoka bonde la pili, ambaye alishtuka hata akasahau kushukuru. Kisha akachukua kidari, akakiweka kwenye sahani, akakisukuma.

"Kula, mkwe," akasema, kwa ile sauti ya mnadani, isikike mpaka uani.

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza katikati. Esenkul akapangusa kisu taratibu. Alikuwa ameingoja sura hii miaka mitano: sura ya Dooronbek asiye na jibu.

Dooronbek aliitazama sahani.  Kisha akavua kofia, akainuka pale mbele kwenye zulia la heshima, akachukua sahani yake, akapita nyuma ya migongo ya wazee mpaka karibu na mlango, mahali pa wakwe, akakaa. Akala kipande. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa.

"Mzee Turdubay," alisema, "mimi nimemwoa binti yenu nikiwa sina hata mbuzi. Katika nyumba hii nimekula mbavu, nimekula shingo, nimekula nilichoachiwa. Nilikuwa na haki ipi? Baadaye mkaanza kunipa kichwa. Kichwa ni cha mgeni. Akila anaaga, anaondoka. Kidari sijawahi kupewa. Mpaka leo."

 Esenkul, kisu mkononi, akakumbuka. Ilikuwa kweli. Miaka yote ile yeye ndiye aliyegawa, na yeye ndiye aliyemnyima, kwa sababu ya mahari. Hakuwahi hata siku moja kumkubali Dooronbek kuwa mkwe. Alikuwa amemkubali sasa hivi, kwa sauti ya mnadani.

"Esenkul," Mzee Turdubay akasema polepole, "umefanya jambo kubwa. Sikudhani ningeliona kabla sijafa. Moyo wako umekuwa mpana."

"Umekuwa mpana kweli!" akasema bibi mmoja kutoka upande wa wanawake, na vigelegele vikapigwa. Mwanamume wa pembeni akampiga Esenkul begani kwa furaha.

Esenkul alimtazama Dooronbek machoni. Machozi yale alikuwa ameyafundisha yeye. Au hayakuwa yale. Dalali wa miaka thelathini, anayemjua farasi mgonjwa kwa kumsikiliza anavyopumua, hakuweza kujua kama machozi yale ni ya kuuza au ni ya kweli, na hilo lilimuuma kuliko vigelegele.

Dooronbek alikuwa amekwisha kuinuka tena. Akakunja mikono ya suti, akachukua birika na beseni, akaanza kuwanawisha wazee mikono, mmoja mmoja, kama anavyofanya mkwe mpya. "Baba, maji ni ya moto? Baba, ngoja nikupe taulo." Mbunge. Wazee wakafurahi kama watoto wanaobebwa.

Esenkul akaona soko linafungwa. Akasema haraka, "Wazee, kabla ya baraka, nina neno. Nimefuatwa na watu. Wanasema kiti hiki kiwe cha mtu wa damu. Nami... sikatai. Nakitaka."

Beseni likasimama. Watu wakatazamana. Dooronbek akageuka, birika mkononi, akasema kwa upole, "Kaka akikitaka, nampisha. Leo amenipa kikubwa kuliko kiti."

Mnunuzi anayeondoka! Esenkul aliijua hila ile hatua kwa hatua, maana ndiyo aliyomfundisha: geuza mgongo, usiangalie nyuma, watakuita wao. Alitaka kupiga kelele, "Msimwite!" Lakini ungewaambia nini watu?

Wakamwita.

"Wewe Esenkul una nini?" Mzee Turdubay akasema, sasa macho wazi. "Asubuhi unamkubali mtoto, mchana unashindana naye? Ndani ya nyumba yako, nyama haijapoa? Watu wa bonde la pili wapo hapa, wanasikia. Wataenda kusema ukoo wetu unampa mkwe kidari kwa mkono mmoja na kumnyang'anya sahani kwa mwingine."

"Amefanya masihara," akasema yule mzee aliyepewa kichwa cha kondoo, akijaribu kuwa mgeni mwema. "Masihara ya mashemeji."

Esenkul akakitazama kidari, kimebaki nusu pale mlangoni. Amekuwa mnadani muda wa kutosha kujua wakati ambao bei haipandi tena, na ukiendelea kuita unabaki na mnyama wako na kicheko cha watu.

"Masihara," akasema. "Naona yamewakamata."

Wakacheka, kicheko kikubwa cha watu waliopumua. Mzee Turdubay akainua viganja, wote wakainua, na kwa kuwa mwenye nyumba ndiye anayefunga baraka, Esenkul ndiye aliyepitisha mikono usoni kwanza. Upande wa wanawake, Kalipa alikuwa ametoka nje kuangalia samovari, birika kubwa la kuchemshia maji ya chai.

Jioni Tilek akapiga simu. "Imekuwaje?"

"Mali imeuzwa."

"Kwa bei gani?"

"Hukuwepo sokoni, usiulize," Esenkul akasema, akakata.

Dooronbek alishinda. Bonde zima alishinda vizuri, na Ak-Terek alipata kura zote isipokuwa mbili. Hesabu ilipobandikwa mlangoni pa shule, watu walijaa kusoma, na Esenkul alisimama mbele yao mikono nyuma, uso wa mtu anayekagua ng'ombe wa mwingine.

"Mbili!" Mzee Turdubay alikuwa amekasirika. "Ni nani hao?"

"Waacheni," akasema Dooronbek. "Bila hizo mbili wangesema nimeiba."

Kura moja Esenkul aliijua vizuri sana. Aliipiga mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kalamu iliyokwama, hata ikabidi aitemee mate. Lakini ya pili? Alianza kuwatazama watu. Akamtazama muuza chumvi. Akamtazama mzee wa posta. Alikuwa amedhani kijicho kile ni mali yake peke yake, na kumbe kuna mwenzake, mahali fulani, anakunywa chai kwa utulivu. Hata Burul hakupona: Esenkul alimkazia macho chakula chote cha usiku, mpaka Burul akasema, "Mimi nimempigia Dooronbek. Sasa kula."

Siku ile mbunge alipokuwa akipakia gari kurudi Bishkek, Kalipa aliingia jikoni kwa kaka yake, amevaa gauni la zamani na viatu vya mpira. Alikaa karibu na jiko, akapokea bakuli la chai.

"Kaka, acha kuwasumbua watu kwa macho," akasema. "Ya pili ni yangu."

Esenkul akaweka bakuli chini. "Wewe? Mumeo?"

"Mume wangu nani? Mke wake ni Bunge. Ananipitia mimi Jumapili, kama mnada." Akanywa chai. "Nilidhani akishindwa tutarudi kile chumba cha kando ya zizi. Ulikiona kibaya wewe. Mimi nilikuwa nakipenda."

Nje honi ikapigwa, mara ya kwanza, kisha ya pili.

"Na wewe," Kalipa akauliza, "yako ilikuwa ya nini?"

Esenkul alitazama dirishani. Dooronbek alikuwa amezungukwa na watu, anashika mkono wa huyu kwa kulia na wa yule kwa kushoto, anacheka.

"Kunywa chai," akasema, akammiminia dada yake, chini ya nusu ya bakuli.